Sindano Haichagui Mwanaume wala Mwanamke

Wapenzi wasomaji, wanafunzi wenzetu, na ninyi wakubwa wetu walimu,

Katika namba hii ya gazeti letu hatutasema juu ya mpira, wala juu ya wale wanaochelewa sala ya asubuhi. Hayo tumekwisha kuyasema mpaka kinywa kimechoka. Leo tunataka kusema juu ya sindano, uzi na vipande vya vitenge. Tunajua wamoja watacheka. Wacheke, hakuna neno, lakini wasome mpaka mwisho, kiisha watujibu katika namba itakayokuja kama wako na la kujibu.

Maoni yetu ni haya: kila mwanafunzi wa enterna, msichana na mvulana, ajifunze kushona kwa mkono bulangeti la vipande. Hatusemi akae kando na kuangalia wengine wakishona. Tunasema ashone yeye mwenyewe, kwa vidole vyake.

Juu ya nini tunasema hivi? Sisi makapita tunazunguka vyumba vya kulala kila usiku mbele ya kuzima taa, na tunaona. Huku milimani kwetu Kivu, baridi ya usiku haichezi na mtu. Katika chumba cha wadogo wa darasa la saba, kuko watoto wanaolala wawili wawili kitanda kimoja, si kwa urafiki, ni kwa kutafuta joto. Kuko mwingine anajifunika koti ya mvua. Mwingine analala na uniforme yake yote, asubuhi mwalimu anamfukuza kwa sababu shati imekunjamana. Wazazi wao hawana kosa. Wengine walikimbia vita na kuacha kila kitu nyumbani. Wakipata ya kulipa masomo, bulangeti linangoja mwaka mwingine.

Sasa tembea mpaka sokoni, nyuma ya vibanda vya washoni. Utakuta nini? Vipande vya vitenge vimejaa chini: vyekundu, vya buluu, vya manjano, vipya kabisa, vingine havijaona hata maji. Mshoni akikata robe moja, pembeni zinabaki. Jioni mtoto wake anafagia, anatupa katika mufereji ao anawasha moto. Tuliuliza washoni wawili watatu kama wanaweza kutuachia vile vipande. Wakashangaa. Mmoja akasema: «Mukuje na mufuko, mubebe yote, mutatusaidia kufagia!»

Kwa hiyo baridi iko hapa, na nguo inachomwa pale. Katikati kunakosa kitu kimoja tu: mtu mwenye sindano.

Labda mtu atauliza, bulangeti la vipande ni nini? Ni kifuniko chenye tabaka tatu. Juu kuko vipande vidogo vilivyoungwa pamoja mpaka vikawa kitambaa kimoja. Katikati kuko kitu cha kuleta joto: bulangeti la zamani lililopasuka, ao pamba, ao matriko yaliyochakaa. Chini kuko kitambaa kizima, kama shuka ya zamani. Kiisha unapitisha uzi katika tabaka zote tatu, mistari kwa mistari, zishikane zisitembee. Wale waliosikia vizuri somo la fizika watafahamu mara moja: si unene wa nguo peke yake unaoleta joto, ni hewa iliyofungwa ndani, isiyoweza kutembea. Ndiyo maana bulangeti la zamani lenye matundu, ambalo peke yake halisaidii tena, likifungwa katikati ya vitambaa viwili linarudia kufanya kazi.

Sasa tufike kwenye mabishano, maana tumekwisha kuyasikia.

La kwanza, na ndilo kubwa: «Kushona ni kazi ya wanawake.» Katika muhula huu mtoto mmoja wa darasa la saba alianza kuunga vipande kitandani pake. Wenzake walipomuona, wakasema: «Muangalie, eko anashona sawa mama!» Wakamwita «Mama» siku tatu, darasani, ku mto, mpaka mezani. Siku ya ine mtoto akatupa kile kipande katika choo. Jina lake hatutalitaja. Lakini mjue kwamba yeye ni mmoja wa wale wanaojifunika koti ya mvua. Tungeweza kuwapa wale wachekaji azabu ya kukata majani, na majani yangekatwa vizuri, lakini azabu ya majani haiondoi wazo baya katika kichwa. Basi tujibu kwa maneno.

Ninyi mnaocheka, ile suruali ya uniforme mnayovaa, nani aliishona? Piteni sokoni muhesabu. Washoni wengi wanaokaa pale mbele ya mashini ni wanaume, wababa wenye nyumba na watoto, na kwa ile kazi wanalipa masomo ya watoto wao. Hakuna anayethubutu kuwaita «Mama». Kumbe mwanaume akishona kwa mashini ni fundi, akishona kwa mkono ni mwanamuke? Hiyo ni akili ya wapi? Na katika Matendo ya Mitume tunasoma juu ya Dorkasi aliyeshonea wajane nguo, ni kweli. Lakini sura tisa mbele tunasoma vilevile kwamba Paulo alikuwa fundi wa mahema pamoja na Akila. Mtume mzima! Kama Paulo hakuona haya, wewe wa darasa la saba unaona haya ya nini?

Tuangalie tena hapa kwetu Kongo. Kule Kasai, Wakuba wanajulikana katika dunia nzima kwa vitambaa vyao vya rafia. Wanaume ndio wanaofuma. Kitambaa kikitoka katika kufumwa kinakuwa kigumu, basi kinapondwapondwa mpaka kilainike, na katika kupondwa mara nyingine kinatoboka. Wakashona kiraka juu ya tundu. Kidogo kidogo kiraka kikawa urembo, wakaanza kushona viraka hata pasipokuwa na tundu, mpaka vitambaa vya urefu wa metre nyingi vikajaa viraka vya kupendeza. Na kwa desturi yao, nguo ya kiunoni ya wanaume ilishonwa na wanaume, ya wanawake ikashonwa na wanawake. Mmisionere mmoja mweusi wa Presbiteri kutoka Marekani, William Sheppard, alifika katika mji wa mfalme wa Wakuba katika mwaka wa 1892. Vitambaa alivyokusanya vinachungwa hata leo katika museo ya chuo cha Hampton, kule Virginia. Basi asituambie mtu kwamba kuunga vipande ni kitu cha wageni, ao kitu cha haya.

Bishano la pili: «Mabulangeti ya vipande ni ya masikini.» Hapa hatutakataa. Ni kweli, yalianza kwa masikini mahali pengi. Lakini sikieni habari hii. Katika jimbo la Alabama, Marekani, mahali mto unapopinda sawa kiwiko cha mkono, kuko kijiji kinachoitwa Gee's Bend. Watu wake ni wajukuu wa watumwa waliolimishwa pamba. Utumwa ulikwisha, umasikini ukabaki. Nyumba zao zilikuwa za mbao, upepo unaingia, wakabandika magazeti ku kuta. Wamama wakakamata suruali za kazi zilizochakaa magotini, mashati, magunia, wakayakata na kuyaunga kuwa mabulangeti. Mama mmoja, Missouri Pettway, alifiwa na mume wake. Katika mwaka wa 1942 akakamata nguo za kazi za marehemu, akazifanya bulangeti, apate kumkumbuka na kujifunika ndani yake. Fikirini jambo hilo kidogo.

Mwaka wa 1966, wakati watu weusi wa kule walipokuwa wakipigania haki ya kupiga kura, wamama wa sehemu ile waliunda shirika la kushona na kuuza mabulangeti yao, Freedom Quilting Bee. Katika mwaka wa 2002 museo kubwa ya Houston ikatundika mabulangeti ya Gee's Bend ku ukuta kama picha za wachoraji wakubwa, na katika mwaka wa 2006 posta ya Marekani ikachapa sura zake juu ya tembre. Lakini wale wamama hawakushona kwa ajili ya museo. Walishona kwa sababu watoto walisikia baridi. Uzuri ulikuja nyuma, ukifuata kazi. Basi anayesema «ni ya masikini» amesema ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba masikini wenye sindano hawakulala na baridi.

Bishano la tatu: «Kuko mashini, tutumie mashini.» Mashini za wale wa kupe-kutire ni chache, na wenyewe wanazigombania kwa mitihani yao. Tena tabaka tatu zenye bulangeti katikati ni nene, mashini ya miguu inasumbuka nazo, sindano inavunjika. Na mashini haitakufuata kitandani, ao chini ya mti siku ya Mungu nyuma ya ibada. Sindano ya mkono inakaa katika mfuko wa shati. Hatuchukii mashini. Anayeiweza, aitumie. Lakini asiyekuwa nayo asikae bure kuingojea.

Bishano la ine: «Tuko na egzame, wakati hautoshi.» Hapo tutajibu kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Soma sasa namna ya kuanza.

Usianze na bulangeti zima. Wengi wanaanza hivyo, wanachoka, kazi inabaki chini ya kitanda mpaka panya wanaila. Anza na vipande kenda tu. Kata karatasi ngumu ya karto, pande zote ine sentimetre 12, iwe kipimo chako. Weka juu ya kitenge, chora kwa krayo, kata. Ukate kufuata nyuzi za kitambaa, si upande upande, kwa sababu kitambaa kilichokatwa upande upande kinavutika, na mraba wako utageuka kitu kisicho na jina katika jiometria. Mbele ya kukata, loweka na kufua vile vipande, ubadilishe maji mpaka yatoke safi. Kitenge kipya kiko na rangi inayotoka na dawa inayokikaza. Usipokifua mbele, rangi nyekundu itaingia katika nyeupe siku ya kwanza ya kufua bulangeti, na utalia. Tena usichanganye kitenge na nguo inayovutika kama tishati. Wenye ujuzi wanaweza. Anayeanza atapata makunyanzi.

Weka vipande viwili uso kwa uso, ushone sentimetre moja kutoka pembeni. Uzi usipite urefu wa mkono wako toka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Uzi mrefu unajifunga mafundo na kukupotezea wakati. Uupitishe juu ya nta ya nyuki kama unayo, utateleza vizuri. Shona mshono wa kwenda mbele, na kila nyuma ya hatua tano sita urudi nyuma mara moja, ili uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wote usifunguke. Na mkumbuke hili: wadogo wanafikiri mshono mzuri ni mshono mdogo sana. Hapana. Mshono mzuri ni ulio sawasawa, hatua hii kama ile. Udogo utakuja wenyewe nyuma ya majuma machache.

Ukiunga vipande vitatu vitatu, halafu mistari mitatu pamoja, unapata mraba wa vipande kenda. Hesabu mishono: sita mifupi na miwili mirefu, yaani minane. Ukishona mmoja kila jioni nyuma ya etude, jioni nane mraba umekwisha. Mvivu tumpe jioni kumi na mbili. Je, hizo dakika ndizo zitakazokuangusha egzame ya Serikali? Tunajua wale wanaocheza karata saa nzima kila jioni. Hatutawataja leo.

Kila kipande kikikwisha kushonwa kinabaki sentimetre 10, basi mraba mzima ni sentimetre 30. Kitanda cha mtoto kinataka bulangeti la sentimetre 120 kwa 180. Gawanya: mine kwa upana, sita kwa urefu, jumla miraba 24. Maana yake, wanafunzi 24, kila mmoja na mraba mmoja, katika majuma mawili wamemaliza uso wa bulangeti moja. Peke yako ungechukua mwaka. Ndiyo maana tunasema ni kazi ya chumba chote, si ya mtu mmoja aliyejificha kitandani na kuchekwa.

Kiisha mnatandika tabaka tatu chini, mahali pasafi. Kitambaa cha chini kizidi vidole vine pande zote. Mbele ya kushona kabisa, mshike kwanza tabaka kwa mishono mikubwa ya kutoa baadaye, mkianzia katikati na kwenda pembeni, ili makunyanzi yasukumwe inje. Halafu mnashona mistari ya kweli, tena kutoka katikati. Fundo la uzi mlivute kidogo liingie ndani, lisionekane. Mkono mmoja juu unasukuma sindano, mwingine chini unasikiliza ncha yake. Kidole cha katikati kinachosukuma kivae kile kikofia cha chuma cha washoni. Asiyekuwa nacho afunge kipande cha ngozi, kama sivyo kesho hataweza kushika biki. Mistari isiachane kupita sentimetre 10, kwa sababu cha katikati kitatembea na kukusanyika upande mmoja kama mahindi katika mfuko. Mwishoni mnakunja kile kilichozidi chini, mnakirudisha juu na kukishona pembeni zote. Basi, bulangeti.

Kwa wakubwa wetu tunaomba mambo matano, kwa heshima.

Moja: kila siku ya posho, saa moja ya salongo iwe ya kushona, kwa wavulana na wasichana pamoja. Majani ya uwanja yatangoja.

Mbili: kila mwanafunzi wa darasa la mwisho akamate wadogo wawili na kuwafundisha. Mdogo akisema «Yaya, unifundishe na miye», asifukuzwe.

Tatu: sindano zihesabiwe jioni na kurudishwa katika kisanduku, namba ile ile iliyotoka. Sindano iliyopotea katika matandiko ni hatari, na hatutaki kazi nzuri ifungwe kwa sababu ya mguu wa mtu mmoja.

Ine: tuite wamama wa kanisa wanaojua kazi hiyo waje kutuonyesha. Lakini tuite pia baba mmoja fundi kutoka sokoni, asimame mbele ya wavulana na sindano mkononi. Atafundisha zaidi kuliko sisi kwa kurasa hizi.

Tano: bulangeti la kwanza lisiuzwe, wala lisitandikwe katika ofisi kwa kuonyesha wageni. Liende katika chumba cha darasa la saba, kwa mtoto anayelihitaji kuliko wote, na apewe bila makelele wala picha.

Wapenzi wasomaji, sisi tuko wafinalisti. Mwaka unaokuja hatutakuwa hapa, na kapita mwingine atazunguka vyumba usiku. Hatutaki aone yale tunayoyaona. Siku ya posho itakayokuja, nyuma ya salongo, tutakaa chini ya ule mti wa karibu na refektwari. Karto za kupimia ziko, vipande viko mifuko miwili, vimekwisha kufuliwa. Kila mtu aje na sindano yake kama anayo. Na wewe mdogo uliyetupa kipande chako katika choo, njoo. Tumekuwekea vingine kenda, na utakaa karibu yetu, tuone nani atacheka.

Kapita wa wanafunzi,
darasa la mwisho